Kubadilisha Feni ya Laptopu Iliyoharibika: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Wengi wanaouliza kuhusu feni huwa wameshaagiza mpya kabla hata ya kuifungua laptopu. Hapo ndipo fedha hupotea: feni inafika haiingii, au inaingia vizuri na laptopu inaendelea kuchemka vilevile kwa sababu ile ya zamani haikuwa na kosa. Ndiyo maana maswali ya mwanzo hapa ni ya kutambua tatizo, na yale ya kushika bisibisi yanafuata baadaye.

Nitajuaje kama feni ndiyo mbovu?

Anza kwa kusikiliza. Feni nzima hutoa mvumo wa hewa tu, unaopanda na kushuka kadiri kazi inavyoongezeka. Feni ambayo beringi yake imekwisha hukwaruza, hugongagonga, au hulia mlio mwembamba usiokatika. Inua upande mmoja wa laptopu taratibu wakati feni inazunguka. Mlio ukibadilika au ukinyamaza ghafla, jua ekseli ya feni inacheza ndani ya beringi. Kama laptopu yako bado ina diski ngumu ya kuzunguka, usiitikise hata kidogo wakati wa kipimo hiki, na hakikisha kwanza kwamba mlio hautoki kwenye diski yenyewe. Diski inayogonga ni dharura nyingine kabisa, na dawa yake ya kwanza ni kuhamisha mafaili yako leo hii.

Kisha weka kiganja mahali hewa ya moto inapotokea. Ukisikia feni inakwenda kasi lakini hewa inayotoka ni hafifu, mara nyingi tatizo ni vumbi, feni bado ni nzima. Kusipotoka hewa wala sauti huku sehemu ya chini ikiwaka moto, basi feni imekufa au haipati umeme.

Ukitaka uhakika zaidi, tumia programu. HWiNFO kwenye Windows na amri ya sensors kwenye Linux huonyesha nyuzi joto za prosesa (chipu kuu inayofanya kazi zote za kompyuta), na kwa laptopu nyingi huonyesha pia mizunguko ya feni kwa dakika. Si zote zinazoonyesha mizunguko, kwa hiyo nafasi hiyo ikiwa tupu usihukumu bado. Watengenezaji wengi pia wameweka kipimo ndani ya mashine yenyewe: kwa Dell bonyeza F12 inapowaka kisha uchague Diagnostics, kwa HP bonyeza F2.

Feni yangu haizunguki kabisa ninapoandika barua au kusoma. Imekufa?

Si lazima. Laptopu nyingi za siku hizi huizima feni prosesa ikiwa imepoa. Ipe kazi nzito kwa dakika kadhaa, kama kubadilisha video au mchezo, halafu sikiliza tena. Prosesa ikipita nyuzi 70 za Selsiasi na feni bado iko kimya, hapo una sababu ya kuwa na wasiwasi.

Na hii yangu inavuma kwa nguvu muda wote?

Feni inayovuma inafanya kazi iliyoitiwa. Swali ni nani anayeiita. Kwenye Windows fungua Task Manager uone ni programu gani inakula prosesa. Mara nyingi ni kivinjari chenye kurasa nyingi, masasisho yanayopakuliwa kimyakimya, au programu hasidi. Kama hakuna kinachokula prosesa na joto bado liko juu, tatizo ni vumbi au pesti ya prosesa iliyokauka, yaani ile krimu inayopitisha joto kutoka kwenye prosesa. Kubadilisha feni hapo hakutasaidia chochote.

Ikiwaka inaandika "Fan error" au "System Fan (90B)". Maana yake nini?

Ujumbe wa kwanza ni wa ThinkPad, wa pili ni wa HP, na maana ni moja: mashine imeiamuru feni izunguke na haikupata jibu. Feni ya laptopu ina waya wa kurudisha taarifa, ambao kwa kawaida hutuma mapigo mawili kila feni inapozunguka mara moja. Mapigo yasipofika, mashine inaamua kwamba feni imesimama, na inaweza kujizima ili isiungue.

Angalia lakini: mapigo yanaweza kukosekana kwa sababu ya plagi iliyolegea, waya uliokatika, au uzi wa vumbi ulioshika panga za feni. Ujumbe huo unakutaka ufungue mashine. Haukwambii ununue feni.

Naweza kuendelea kuitumia nikisubiri feni mpya?

Kwa kazi nyepesi na kwa muda mfupi, ndiyo, kwa tahadhari. Prosesa yenyewe inajilinda. Nyingi za Intel za laptopu zina kikomo cha nyuzi 100, na nyingi za AMD Ryzen ziko kati ya 95 na 105. Zikifika hapo hujipunguza kasi, na joto likizidi mashine hujizima. Ndiyo maana laptopu isiyo na feni huanza kwa kuwa nzito kupita kiasi kabla haijaanza kuzimika.

Ninachokihofia mimi ni vilivyo jirani na prosesa kuliko prosesa yenyewe. Betri ya lithiamu huzeeka haraka kwenye joto, na haina namna ya kujipoza. Kwa hiyo punguza nguvu ya prosesa kwenye mipangilio ya umeme, usicheze michezo, usiiweke kitandani wala mapajani, na isipotumika izime kabisa. Meza ya feni ya kuwekea laptopu inasaidia kidogo, lakini haiwezi kuchukua nafasi ya feni ya ndani, kwa sababu hewa yake haifiki kwenye mapezi ya hitisinki, kile chuma kinachonyonya joto la prosesa.

Nikiisafisha tu haitoshi?

Mara nyingi inatosha, na ndiyo maana ninasisitiza kufungua kwanza. Vumbi halijai kwenye panga za feni tu. Hubanana pale feni inapokutana na mapezi membamba ya hitisinki, likatengeneza blanketi zito la kijivu ambalo huwezi kuliona ukiangalia kupitia matundu ya nje. Unatakiwa uitoe feni, ndipo ulione likiwa limeziba mdomo wote wa mapezi. Likishatoka, laptopu ambayo ilikuwa haivumiliki inaweza kurudi kuwa kimya.

Ukipuliza kwa kopo la hewa au bloa, zuia panga za feni kwa kidole au kijiti cha plastiki. Ukiziacha zizunguke ovyo zitapita kasi zilizoundiwa, beringi itaumia, na feni itazalisha umeme kurudi kwenye mazabodi (bodi kuu ya mashine). Na usipulize kutoka nje tu ukitegemea vumbi litatoka lenyewe. Unalisukuma ndani zaidi.

Baada ya kusafisha, zungusha feni kwa kidole. Ikizunguka laini na kusimama polepole, ni nzima. Ikikwama au kukwaruza, au ukiishika katikati ukaona inacheza huku na huku, hiyo imekwisha.

Kuna wanaosema niitie mafuta. Ni kweli inapona?

Inapata nafuu. Tone moja la mafuta mepesi ya mashine kwenye ekseli linaweza kuinyamazisha kwa muda, na kama feni mpya iko njiani, sina ugomvi na njia hiyo. Lakini beringi iliyolika hairudi. Usitumie mafuta ya kupikia, yanaganda na kunata. Usitumie pia dawa za kulegeza kutu, zinaosha kilainishi kilichobaki kisha zinakauka.

Niagize feni gani? Nimeandika jina la laptopu nikaletewa orodha ya feni kumi zisizofanana.

Hapa ndipo penye makosa mengi kuliko mahali pengine popote. Jina la laptopu halitoshi. Modeli moja inaweza kutoka na prosesa tofauti, nyingine na kadi ya picha na nyingine bila, na kila moja ikawa na feni yake. Hata modeli ileile yenye prosesa ileile inaweza kuwa na feni kutoka viwanda viwili, kwa mfano Sunon na Delta.

Fungua laptopu, toa feni, geuza usome lebo yake. Andika au piga picha namba zote, hata zile usizozielewa. Utakuta namba ya kiwanda kilichotengeneza feni, na mara nyingi namba ya kampuni ya laptopu: Lenovo huiita FRU, Dell huandika DP/N, HP hutumia namba ya spea yenye tarakimu sita (au herufi na tarakimu tano), kistari, na tarakimu tatu nyingine. Tafuta kwa namba hiyo. HP, Dell na Lenovo huweka pia miongozo ya matengenezo ya modeli zao mtandaoni bila malipo, na humo utakuta namba za spea zote pamoja na mpangilio wa skrubu.

Kabla hujalipa, linganisha picha ya feni inayouzwa na yako kwa macho, ukiangalia mambo haya:

- Volti. Feni nyingi za laptopu ni za volti 5, lakini baadhi ya laptopu za michezo hutumia 12. Hili halina mjadala, lazima zilingane. Ampea zikitofautiana kidogo si tatizo.
- Idadi ya waya na umbo la plagi. Tatu kwa nne haziingiliani.
- Matundu ya skrubu yalipo, na waya unapotokea. Waya mfupi kwa sentimita mbili ni feni isiyofaa.
- Unene wa feni.
- Mwelekeo wa panga.

Muuzaji asiyeweka picha ya lebo, muombe. Asipotaka kuituma, nenda kwa mwingine. Na ukiuziwa feni iliyotolewa kwenye laptopu nyingine, kumbuka unanunua pia umri wa beringi yake.

Laptopu yangu ina feni mbili. Nibadilishe zote?

Kama moja ina kelele na nyingine iko kimya, badilisha iliyoharibika tu, ingawa zimefanya kazi kwa umri uleule na ya pili huenda isichelewe sana. Ila ya kushoto haiwi ya kulia: hutofautiana umbo, na mara nyingi huzunguka pande tofauti. Agiza kwa namba ya upande husika.

Nahitaji vifaa gani?

Bisibisi ya msalaba saizi ya PH0 na PH00, kijiti au kadi ya plastiki ya kupandishia kava, kibano, brashi laini, na chombo cha kuwekea skrubu. Baadhi ya mashine zina skrubu za nyota za T5, na MacBook nyingi zina za pembe tano za P5. Kama hitisinki itatoka, ongeza pesti ya prosesa na alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, pamoja na kitambaa kisichoacha nyuzi.

Usilazimishe bisibisi isiyotosha. Skrubu za laptopu ni laini, na kichwa kikishaliwa kazi ya dakika mbili inageuka ya saa nzima. Ikitokea, weka kipande cha mpira kati ya bisibisi na kichwa cha skrubu, gandamiza sana, zungusha polepole.

Nifungue vipi bila kuvunja kitu?

Zima kabisa, usiiache kwenye usingizi. Chomoa chaja. ThinkPad nyingi zenye betri ya ndani zina sehemu ya kuizima betri kwenye BIOS, programu ya msingi ya mashine; itumie kama ipo. Gusa chuma kilichounganishwa na ardhi ili umeme tuli utoke mwilini, na usifanyie kazi juu ya zulia.

Toa skrubu za chini. Zipange kwenye karatasi uliyochora umbo la laptopu, kila moja mahali ilipotoka, kwa sababu urefu wake hutofautiana na skrubu ndefu ikiingia tundu la fupi inaweza kutoboa kava la juu au kuharibu mazabodi. Skrubu zote zikishatoka na kava bado limegoma, usivute kwa nguvu. Kuna skrubu imejificha, mara nyingi chini ya vile vimiguu vya mpira au chini ya stika. Nyingine hazitoki kabisa kwenye kava, zinalegea tu na kubaki humohumo. Hizo ziko sawa.

Pitisha kadi ya plastiki pembezoni, ukianzia upande wa bawaba au kwenye kona iliyoanza kuachia. Vishikizo vitalia "tak, tak" kimoja kimoja. Kabla ya kunyanyua kava lote, chungulia kama kuna waya bapa unaounganisha kava na ndani.

Kitu cha kwanza kugusa ndani ni plagi ya betri. Ichomoe. Halafu bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 10 hadi 15 ili umeme uliobaki uishe. Ukikuta betri imevimba, acha kazi ya feni. Usiibonyeze, usiichome na kitu, na ishughulikie hiyo kwanza.

Plagi ya feni ni ndogo kuliko ukucha wa kidole kidogo, na ndiyo inayovunjwa zaidi. Usiivute kwa waya wake. Angalia kwa mwanga mzuri inavyotoka: nyingine hunyanyuka juu, nyingine huteleza kwa mlalo. Weka kucha mbili pande zake au ncha ya kijiti cha plastiki, itikise kidogo kushoto na kulia, itaachia. Soketi yake ikikwanyuka kutoka kwenye mazabodi, ni kazi ya fundi mwenye mashine ya kuchomelea vitu vidogo.

Waya wa feni umepitishwa kwenye njia yake ndani ya mashine, mara nyingine umefunikwa na mkanda mweusi. Piga picha kabla ya kuutoa.

Ni lazima nibadilishe pesti ya prosesa?

Inategemea feni ilivyofungwa. Kwenye laptopu nyingi feni imeshikwa na skrubu zake mbili au tatu peke yake na inatoka bila kugusa hitisinki. Hapo hulazimiki. Nyingine feni na hitisinki ni kitu kimoja, au bomba la shaba limepita juu ya feni, na huna namna ila kutoa vyote. Hitisinki ikishanyanyuliwa hata mara moja, pesti ya zamani haifai tena. Usiirudishie, hata kama inaonekana bado mbichi.

Skrubu za hitisinki mara nyingi zina namba zilizochongwa kando yake. Kulegeza, anza na namba kubwa kwenda ndogo. Kukaza, anza na 1. Zikaze kidogo kidogo kwa zamu, kwa sababu ukikaza moja hadi mwisho huku nyingine zikiwa huru, uzito wote unaangukia ukingo mmoja wa prosesa. Prosesa nyingi za laptopu hazina kifuniko cha chuma juu yake, ni kipande kitupu cha silikoni kinachoweza kumeguka.

Futa pesti ya zamani kwa alkoholi mpaka pang'ae. Paka mpya tabaka jembamba linalofunika uso wote wa prosesa. Pesti nyingi haipozi zaidi, inachafua tu.

Ukikuta badala ya pesti kuna kimiminika kinachong'aa kama fedha, simama hapo. Ni metali ya kimiminika, inapitisha umeme, na tone moja likidondokea mazabodi linaweza kuiua. Mpe anayeijua.

Na zile pedi laini za kijivu au buluu?

Zinapitisha joto la kumbukumbu ya kadi ya picha na vipande vya umeme kwenda kwenye hitisinki. Zikiwa hazijachanika, zirudishe palepale. Zikichanika, nunua za unene uleule: 0.5, 1.0 na 1.5 milimita ndizo zinazoonekana sana. Nene kupita kiasi itainua hitisinki isiguse prosesa, na utajikuta na joto kubwa kuliko ulilokuja nalo.

Nimeweka feni mpya lakini haizunguki, au ujumbe wa kosa haujaondoka.

Usiirudishe kwa muuzaji bado. Fungua, chomoa betri, kisha angalia plagi ya feni. Katika hali nyingi haijaingia hadi mwisho, au imeingia mshazari. Baada ya hapo angalia kama waya umebanwa na kava au umeingia kwenye panga za feni, na kama skrubu ya feni imekazwa ikapinda ganda lake kiasi cha panga kugusa. Izungushe kwa kidole ikiwa imefungwa mahali pake, isikwaruze popote.

Ikizunguka kwa kasi ya juu moja kwa moja bila kushuka, shaka iko kwenye waya wa kuamuru kasi: plagi ni ya mpangilio tofauti na ule wa laptopu yako, au feni si yenyewe. Rangi za waya zisikudanganye, viwanda havifuati mpango mmoja. Yote hayo yakiwa sawa, sasisha BIOS. Ikishindikana bado na feni ya zamani nayo ilikuwa haipati umeme, tatizo liko kwenye mazabodi.

Inazunguka vizuri, ila joto halijashuka.

Kama ulitoa hitisinki, haijakaa sawa au skrubu moja haijakazwa. Kama hukuitoa, pesti ndiyo imekauka, na sasa ndio wakati wa kuibadilisha. Angalia pia kama ule mkanda au sponji unaoziba nafasi kati ya feni na mapezi umerudishwa. Usipokuwepo, hewa inapita pembeni na kuzunguka ndani ya mashine.

Ili ulinganishe kwa haki, pima joto kabla na baada ya kazi, ukitumia programu ileile kwa muda uleule, dakika 15 hadi 20 za kazi nzito.

Nikiifungua nitapoteza waranti?

Soma masharti ya mashine yako kabla ya skrubu ya kwanza, kwa kuwa kampuni hutofautiana. Lakini kama waranti bado ipo, kwa nini uifungue wewe? Feni ni moja ya vitu ambavyo kampuni hubadilisha bila mabishano mengi. Wapelekee wao, ukiwa umehifadhi mafaili yako kwanza.

Nimefungua na sijaona feni yoyote.

Baadhi ya laptopu hazina. MacBook Air ya M1 ya mwaka 2020 ni mojawapo, inajipoza kwa bamba la chuma tu. Mashine ya namna hiyo ikipata moto sana, angalia programu zinazokula prosesa na mahali unapoiweka.